Chuma cha Detroit kwenye mawe ya Ngomo

Vijana wengi wa Uvira wameliona gari hili na hakuna aliyeligusa. Linaingia kwenye simu kwa WhatsApp, limetumwa na ndugu aliyehamia Louisville, Dayton au Grand Rapids baada ya miaka mingi ya kusubiri katika kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Lina milango miwili tu, boneti ndefu iliyochorwa mistari miwili myeusi juu ya rangi nyekundu, na matairi ya nyuma manene kuliko ya mbele. Chini ya picha kuna maneno machache: la mwaka 1969, injini V8, limefanyiwa ukarabati kamili, linauzwa. Kisha inafuata bei, ambayo mara nyingi ni makumi ya maelfu ya dola. Kwa fedha hizo mtu anajenga nyumba ya matofali ya kuchoma pale Kasenga, anaezeka bati, na bado anabakiwa na mtaji wa duka.

Ubishi huanzia hapo. Inakuwaje gari lililomzidi umri baba yako lipande bei, wakati Toyota Carina iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam inapoteza thamani kila ikivuka mtaro? Na likiletwa huku kwetu, kati ya Kalundu na Kavimvira, lingetusaidia nini? Swali la kwanza linataka maelezo marefu kidogo. La pili nitalijibu bila kuzunguka.

Magari haya Wamarekani wenyewe huyaita ya misuli, na ufundi wake haukuwa na siri. Kampuni ilichukua gari la kawaida la ukubwa wa kati, lile la mwalimu au karani, ikalipachika injini iliyokuwa imetengenezewa gari kubwa. Mwaka wa mauzo wa 1964 kitengo cha Pontiac cha General Motors kiliuza Tempest yenye jina la ziada la GTO. Injini yake ilikuwa ya lita 6.4 na nguvu za farasi 325. Linganisha na Carina ya lita 1.5 inayobeba abiria na magunia ya dagaa kwenda Sange. Washindani hawakukubali kuachwa: Dodge Charger, Chevrolet Camaro, Plymouth Road Runner, zote zilitoka kabla ya 1969. Mwaka 1970 Chevrolet Chevelle ikafika lita 7.4 na farasi 450. Ford Mustang, kama ile Camaro, huwekwa na wajuzi katika kundi jirani, la magari madogo zaidi ya michezo, lakini mnunuzi wa kawaida hajali, nami sitampotezea muda.

Hata hivyo, hao farasi 450 walikuwa na chumvi. Siku zile injini ilipimwa ikiwa peke yake mezani, haijafungiwa mizigo yote ya kawaida na eksozi yake imeachwa wazi. Kuanzia 1972 kampuni za Marekani zikatangaza nguvu ya injini kama inavyokaa ndani ya gari, na farasi wengi wakatoweka karatasini katika siku moja. Anayenunua leo asikubali kulipia tarakimu ya tangazo la zamani.

Mwaka 1964 una mengi ya kutuambia. Pasaka ya mwaka huo, mwishoni mwa Machi, kampuni ya Ford ilileta Nairobi magari sita aina ya Mercury Comet yenye injini za V8 kushindana katika Safari Rally ya Afrika Mashariki. Yalikuja na mafundi wake, vipuri vyake na matangazo yake. Mvua ilinyesha, njia za Uganda na Tanganyika zikageuka tope, na kati ya Comet sita ni mbili tu zilizofika mwisho, tena nyuma kabisa. Mshindi alikuwa Peter Hughes akiendesha Ford Cortina GT, gari dogo la Kiingereza lenye injini ya lita 1.5. Ford ilishinda kwa mkono wa kushoto na kushindwa kwa mkono wa kulia. Nimesema mara nyingi mbele ya mashabiki wa V8 kwamba mtihani wa gari la Kimarekani katika ardhi yetu ulishafanyika na majibu yalishatoka, na kila mara nimeonekana mchawi.

Wiki tatu baadaye, tarehe 17 Aprili 1964, Mustang ilizinduliwa New York. Katika mwaka wake wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 400,000. Na mwezi uliofuata, Mei 1964, Uvira ilianguka mikononi mwa waasi wa Simba chini ya Gaston Soumialot. Basi wakati kijana wa Ohio anapanga foleni kununua Mustang kwa mkopo, kijana wa hapa alikuwa anakimbilia milimani au ng'ambo ya Ruzizi, na gari lolote lililokutwa barabarani lilikuwa la yule mwenye bunduki. Injini za Kimarekani tulizisikia kweli miaka ile, ila zilitokea angani na majini: ndege za T-28 zilizorushwa na Wakuba waliomkimbia Castro, kisha boti za doria za CIA zilizounganishwa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, ili kuwasaka Che Guevara na wenzake waliokuwa wamevuka ziwa kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965.

Kwa hiyo magari ya misuli yenyewe hayakuwa na nafasi ya kufika. Waliyoyaona wazee wetu ni yale ya kabla yake, Chevrolet na Ford za miaka ya 1950, zenye mabawa ya nyuma na chuma king'aacho. Hayakuwa yametoka Detroit moja kwa moja. General Motors ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari Antwerp, Ubelgiji, tangu 1925, na Ford nayo ilikuwa mji huo huo. Mzungu wa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, au wa Uvira aliyeagiza gari alikuwa na njia iliyokwishanyooshwa: meli hadi Dar es Salaam, treni hadi Kigoma, kisha meli ya ziwani. Chini ya mkataba wa 1921 Wabelgiji walipewa na Waingereza maeneo yao wenyewe katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, yaliyojulikana kama Belbase, kwa ajili ya shehena za Kongo na Ruanda-Urundi. Mizigo mingi ya mashariki ya Kongo ilipita hapo, kuanzia misumari hadi magari.

Kilichoyaua magari haya kule ndicho kilichokaribia kuyaua ya huku, tena katika miezi ile ile. Marekani ilianza kwa kampuni za bima kuwatoza vijana ada za kutisha. Ikafuata sheria ya hewa safi ya 1970, iliyowalazimisha watengenezaji kupunguza moshi na, kwa njia hiyo, makali ya injini. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikafunga mafuta kwa sababu ya vita vya Israeli, na gari linalonyonya lita 20 na zaidi kwa kilomita 100 likawa aibu kuegeshwa mbele ya nyumba. GTO ya mwisho ya zama zile ni ya mwaka 1974.

Zaire ilipigwa na dhoruba hiyo hiyo na ikajiongezea ya kwake. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yakabidhiwe Wazaire. Maduka ya Wagiriki, ya Wahindi na ya Wabelgiji yakapata wenyewe wapya waliochaguliwa kwa ukaribu wao na chama, wengi wao wasiojua tofauti ya buji na bolti. Walichokikuta stoo walikiuza, hawakuagiza kingine. Bei ya shaba ikaporomoka mwaka uliofuata, fedha za kigeni zikakauka, na kipuri cha gari la Kimarekani kikawa hadithi. Ndipo fundi wa Kivu alipojifunza kazi anayoifanya mpaka leo, ya kulifanya gari liendelee kwa kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yake.

Hapo ndipo njia mbili zinapoachana, na ndilo jambo ninalotaka msomaji alione vizuri kabla hajaitamani ile picha.

Katika soko la Marekani, gari lililofufuliwa lina maana ya gari lililorudishwa kama lilivyotoka kiwandani siku ile. Namba ya shasi iwiane na namba iliyogongwa kwenye injini. Giaboksi iwe yake. Rangi iwe ile iliyoandikwa kwenye kibati kilichobandikwa ndani ya boneti. Kabureta iwe na alama za mwaka wake. Gari la aina hiyo na lenzake lililofungwa injini nyingine, hata kama nyingine ni nzuri zaidi, yanaweza kutofautiana bei kwa nusu. Kwa sababu hiyo wajanja wamekuwa wengi. Chevelle ya kawaida inavalishwa nembo za SS, toleo lenye nguvu zaidi, na kuuzwa kama SS. Kwa miaka ya 1966 hadi 1968 namba ya shasi inafichua udanganyifu huo, kwa kuwa SS 396 ilikuwa na tarakimu zake, huanzia na 138. Lakini kuanzia 1969 alama hiyo iliondolewa, kwa hiyo mnunuzi hana budi kudai karatasi za kiwandani au vielelezo vingine. Anayekuambia "niamini" anakuuzia Malibu, yaani Chevelle ya kawaida.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Januari 2020, kule Florida, Mustang ya kijani ya 1968 aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ilinadiwa, nyundo ikagongwa kwenye dola milioni 3.4 kabla ya ada. Gari lile halikuwa limekarabatiwa. Lilikuwa na kutu, mabonyeo, viti vilivyochakaa na matundu ya vifaa vya kupigia filamu. Familia iliyolimiliki ililinunua 1974 kwa dola 6,000 na kulitumia kama gari la nyumbani mpaka klachi ilipokufa. Lau wangelipiga rangi mpya, wangeifuta fedha hiyo kwa mikono yao.

Sasa njoo huku. Fundi wa Uvira akipewa ganda la Land Rover ya miaka ya 1960, hatatafuta injini yake ya asili hadi Birmingham. Atatafuta injini ya dizeli ya Toyota iliyotoka kwenye Hiace iliyopata ajali, atakata na kuchomelea vishikizo vipya, atarefusha au kufupisha shafti, atatoboa chumba cha miguu ili giaboksi ipenye. Radieta itakuwa ya Mitsubishi, taa za Fuso. Lile gari litapanda Lemera limebeba watu kumi na sita na mihogo. Ukimwonyesha Mmarekani wa mnada, atashika kichwa. Ukimwonyesha mwenye mali, atakuuliza kama umeliona likipanda.

Siwezi kusema kwamba mmoja kati yao amekosea. Kule gari hilo ni kumbukumbu na akiba, wala halina kazi ya kufanya siku ya Jumatatu. Huku Jumatatu ndiyo yote. Lakini kosa la kweli ni kuchanganya hesabu hizo mbili: kulipa bei ya kumbukumbu kwa kitu unachotaka kikufanyie kazi, au kukikata kitu cha kumbukumbu kwa sababu hakifanyi kazi.

Na tusidhani kwamba ziwa letu halina mashine yake iliyofufuliwa. Ninayo moja ambayo Detroit nzima haiwezi kuifikia. Mwaka 1913 kiwanda cha meli cha Meyer, Papenburg, Ujerumani, kilijenga meli ya chuma iliyoitwa Graf von Götzen, kikaifungua vipande vipande na kuvipakia katika masanduku yapatayo 5,000. Vikafika Dar es Salaam, vikapanda treni, vikaunganishwa upya Kigoma, na Februari 1915 meli ikaingia majini. Vita vilipowaelemea Wajerumani, Julai 1916, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mitambo grisi nzito, wakijua kwamba wao au mwingine angekuja kuitoa. Wabelgiji waliiopoa kwanza, ikazama tena Kigoma. Waingereza wakaiopoa Machi 1924, na walipofungua injini walikuta grisi imefanya kazi yake. Mei 1927 ikaanza safari ikiitwa Liemba.

Tangu hapo Liemba imebadilishwa moyo zaidi ya mara moja. Mvuke uliondolewa katika ukarabati wa miaka ya 1970 na kuwekwa dizeli, na mwaka 1993 ikafanyiwa ukarabati mwingine mkubwa. Kwa kipimo cha wanunuzi wa Marekani, namba zake haziwiani tena, thamani imekwenda. Lakini watu wa Uvira hawawezi kukubali hesabu hiyo. Mwaka 1997, vita vya kumng'oa Mobutu vilipokwisha, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliikodi Liemba kuwarudisha wakimbizi waliokuwa Tanzania. Kwa muda wa miezi mitano ilikwenda na kurudi kati ya Kigoma na Uvira, ikawaleta nyumbani zaidi ya watu 75,000. Kuna wasomaji wa makala hii walioshuka Kalundu wakiwa migongoni mwa mama zao kutoka kwenye meli hiyo. Mwaka 2015 ikachukua tena Warundi waliokwama ufukweni Kagunga.

Grisi ile ndiyo somo la ufundi ambalo ningependa kila mwenye gari kuukuu alijue. Injini haiuawi na miaka. Inauawa na maji, kutu na kuachwa wazi. Injini ya V8 iliyotiwa mafuta ndani ya silinda, ikazibwa matundu na kufunikwa, itazunguka tena baada ya miaka arobaini. Iliyoachwa uani bila kabureta, mvua ya msimu mmoja inaigandisha pistoni.

Nilisema swali la pili nitalijibu bila kuzunguka. Tuseme basi ndugu yako wa Louisville amekununulia Chevelle ya 1969 na anataka kukutumia. Itashuka Dar es Salaam, itakwenda Kigoma, kisha itavuka ziwa zaidi ya kilomita 150 juu ya boti ya mizigo, au izungukie barabarani hadi Bujumbura na kuingilia Gatumba. Ikifika Kalundu au Kavimvira, ofisa wa forodha, wa DGDA, atauliza mwaka. Kongo kwa muda mrefu imeweka kikomo cha umri kwa magari yanayoingizwa, na gari la miaka zaidi ya hamsini haliko karibu na kikomo chochote. Kuna jambo moja tu litakalomfurahisha askari wa rulaji: usukani uko kushoto. Hapo Mmarekani ni halali kuliko Toyota nyingi za mji wetu zilizotoka Japani na usukani wa kulia, ambazo Kinshasa imezikemea miaka na miaka huku zikiendelea kutubeba.

Kisha mafuta. Injini zile zilibana mchanganyiko kwa nguvu, kwa uwiano wa 10 kwa 1 au zaidi, na zilitengenezewa petroli ya daraja la juu yenye madini ya risasi. Risasi iliondolewa katika petroli ya nchi zetu ifikapo mwanzoni mwa 2006, na ni vizuri, kwa kuwa ilikuwa inawaharibu watoto ubongo. Kwa injini ya zamani maana yake ni kwamba viti vya valvu vinalika isipokuwa kama aliyeikarabati ameweka vigumu. Muulize muuzaji swali hilo, utamjua kama ni fundi au ni mpaka rangi. Huku kwetu tena, mafuta ya akina kadhafi, yale ya bidoni na chupa kando ya barabara, huwezi kujua yamechanganywa na nini. V8 ikilishwa hayo itagonga kama mtu anayetwanga kisamvu, na baada ya muda pistoni zitatoboka. Wala usifikiri utaweka akiba ya mapipa nyumbani. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, likalipuka, likaua zaidi ya watu 200. Mafuta si kitu cha kuchezea katika bonde la Ruzizi.

Barabara ndiyo itakayotoa hukumu. Kutoka Uvira kwenda Bukavu kwa upande wetu unapita Kiliba, Sange, Luvungi na Kamanyola, kisha unapanda Ngomo, ambako njia imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba na upande mwingine korongo. Unaanzia kwenye ziwa, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, unafikia Bukavu penye mita 1,500 hivi. Kupanda, injini ya lita 6 itachemka kwa sababu mwendo ni mdogo na feni haipati upepo wa kutosha, na kabureta iliyorekebishwa ufukweni itamimina mafuta mengi mno huko juu kwenye hewa nyepesi. Hilo linavumilika. Kushuka ndiko kubaya. Magari mengi ya aina hii yalitoka kiwandani na breki za ngoma magurudumu yote manne, zikibeba uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Breki za ngoma zikipata moto hupoteza nguvu, na mguu unazama hadi sakafuni. Wamarekani waliyaunda kwa ajili ya barabara iliyonyooka, robo maili kutoka taa hadi taa. Ngomo haina mahali paliponyooka.

Mjini hakutakuwa na nafuu. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 ulibeba nyumba, watu na madaraja, na tangu wakati huo ziwa limepanda na kuingia hadi Kalundu na Kavimvira, likala barabara. Gari lililo chini namna ile litakwangua mfuko wa oili kwenye jiwe la kwanza. Bado sijataja vita. Bukavu iliingia mikononi mwa M23 Februari 2025, na Desemba ya mwaka huo mapigano yakafika Uvira yenyewe. Wote tunajua gari linalong'aa linapata wenyewe wangapi siku kama hizo.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayetaka kulileta ni hapana. Si hapana ya wivu. Ukitaka kulimiliki, limiliki likiwa huko huko, katika gereji kavu, chini ya jina la ndugu unayemwamini kwa maandishi, kama mtu anavyonunua shamba mbali na kwao. Na kabla hujatuma hata dola moja, mwambie kaka au shemeji aende kwa miguu yake akaone. Achukue sumaku aliyoifunga kitambaa, aipitishe chini ya milango, juu ya matao ya magurudumu ya nyuma na pembeni mwa kioo cha nyuma. Mahali sumaku isiposhika pana mastiki chini ya rangi, na chini ya mastiki pana kutu. Alale chini atazame shasi. Afungue mfuniko wa oili aangalie kama kuna utando mweupe kama maziwa, dalili ya maji kuingia. Apige picha ya namba iliyo kwenye dashibodi na ile iliyogongwa mbele ya injini. Aombe liwashwe likiwa baridi, si limekwishapashwa moto kabla hajafika. Muuzaji anayetaka utume fedha kwanza ili akushikie gari, huyo hana gari. Ukaguzi huo, isipokuwa ile namba ya injini, ni ule ule ambao tungepaswa kuifanyia kila Noah na Probox inayouzwa Kavimvira, na hatuufanyi kwa sababu rangi inatuchota macho.

Nina neno pia kwa wenye magari ya zamani ambao hawajui walichonacho. Katika yadi za misheni, katika mabanda ya mashamba ya zamani ya bonde la Ruzizi, kuzunguka kiwanda cha sukari cha Kiliba kilichosimama mwaka 1996, na kwenye viwanja vya familia za wafanyabiashara, bado kunaweza kuwa na maganda ya magari na malori ya enzi ya Wabelgiji. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na mizani na gesi ya kukatia. Wanalipa kwa kilo, na kwa kilo Chevrolet ya 1956 haina tofauti na bati la kisima.

Kama uwanjani kwenu kuna moja, usiuze wiki hii. Tafuta kwanza karatasi: karte roze ya zamani, risiti ya ushuru, hata barua yoyote yenye namba ya shasi, na uiweke mahali pasipo na mchwa. Zuia maji yasiingie kwenye injini, toa buji, mimina oili kidogo kila silinda, rudisha buji, funika kabureta. Usikubali kibati chenye namba king'olewe kwa ahadi yoyote. Piga picha umpelekee yule ndugu yako wa Dayton anayekutumia Mustang kila Jumapili, akuulizie huko bei ya kitu kamili na bei ya vipuri vyake. Mkata chuma mwambie arudi baada ya kupata jibu.